Magnesiamu na nguvu za misuli kwa kijana mwenye presha

Swali
Wataalamu, shikamooni. Nina umri wa miaka 24, na tangu mwaka jana ninameza haidroklorothiazaidi kwa ajili ya shinikizo la juu la damu. Siku hizi nikipanda ngazi mapaja huishiwa nguvu upesi. Kipimo cha magnesiamu kwenye damu kilitoka milimoli 0.8 kwa lita, nikaambiwa ni kawaida. Je, misuli yaweza kupungukiwa na madini hayo ilhali damu haionyeshi?

Jibu la kwanza
Marahaba. Yaweza, kwa kuwa magnesiamu iliyomo kwenye majimaji ya damu haifiki asilimia 1 ya akiba yote ya mwili; nusu au zaidi imo mifupani, na sehemu kubwa ya iliyobaki imo misulini. Humo ndimo ilipo kazi yake: ATP, yaani molekuli ya nishati ambayo msuli huitumia kujikunja, hufanya kazi ikiwa imeshikamana na magnesiamu, na kimeng'enya kinachoirudisha ATP kwa kutumia fosfokreatini (akiba ya nishati ya haraka ya msuli), katika zile sekunde za kwanza za kupanda ngazi, nacho huihitaji. Mwaka 1984 Lawrence Resnick na wenzake, Marekani, walionyesha kwamba magnesiamu huru (isiyoshikamana na kitu) ndani ya seli nyekundu za damu za wenye presha ilikuwa chini kuliko ya watu wasio nayo. Hata hivyo, hilo halithibitishi kwamba upungufu ndio ulioleta presha. Kwa hali yako naishuku zaidi dawa, kwa sababu hupitisha potasiamu na magnesiamu kwenye mkojo, na potasiamu ikishuka, mara nyingi miguu ndiyo hutangulia kulegea. Omba potasiamu ipimwe wiki hii, wala usiache dawa kwa hiari yako.

Muulizaji
Nashukuru sana. Je, ninunue vidonge vya magnesiamu?

Jibu la pili
Mdogo wangu, mimi ni mfamasia, nami nakusihi usubiri kipimo cha figo, kwani figo ndizo zinazotoa ziada, na zikiwa dhaifu vidonge vyaweza kukudhuru. Uchambuzi wa majaribio 34 uliochapishwa mwaka 2016 ulipata kwamba miligramu 368 hivi kwa siku, kwa miezi 3, zilishusha ile namba ya juu ya kipimo cha presha kwa milimita 2 tu za zebaki. Afadhali dona badala ya sembe, maharage, na mbegu za maboga, ambazo gramu 28 zake zina miligramu kama 150.

Jibu la kwanza
Naongeza jambo moja. Presha katika umri wako yapasa kutafutiwa chanzo. Homoni ya aldosteroni ikizidi hupandisha presha na kupoteza potasiamu kwa wakati mmoja, kwa hiyo potasiamu ikikutwa chini, mwombe daktari aipime na homoni hiyo.