Je, Wanafunzi wa Kituruki Wafundishwe Kiingereza kwa Mtindo Waupendao?

Mtoa mada: Tangu Joy Reid, mtafiti wa ufundishaji wa Kiingereza, alipochapisha mwaka 1987 hojaji yake ya kauli 30, inayopima kama mtu hupenda kujifunza kwa kuona, kusikia, kugusa, kutenda, kwa kikundi au peke yake, watafiti wa Uturuki wameitumia mara nyingi. Kwa maoni yangu, walimu wa hazırlık, yaani mwaka wa maandalizi ya lugha vyuoni, wangewagawa wanafunzi kwa mapendeleo hayo.

Mchangiaji wa kwanza: Ndugu mtoa mada, mapendeleo yapo, ila kupenda ni jambo moja na kuelewa ni jingine. Mwaka 2008 mwanasaikolojia Harold Pashler na wenzake walipitia tafiti zilizokuwapo, wasione ushahidi wa kutosha kwamba mtu hufaulu zaidi akifundishwa kwa mtindo wake. Tena makosa yenyewe hayachagui mtindo. Kituruki kina neno moja tu, "o", kwa mwanamume, mwanamke na kitu, nasi wenye "yeye" tunaujua mtego huo. Ndipo unapomsikia mwanafunzi akimtaja mama yake kwa "he", awe mpenda picha au mpenda sauti. Au chukua "think": sauti yake ya kwanza, tuliyo nayo katika "thamani", Kituruki hakina, hivyo hutoka "tink" au "sink". Hapo lazima asikie, auone ulimi wa mwalimu kati ya meno, kisha ajaribu mwenyewe. Utamweka kundi gani?

Mtoa mada: Kwa matamshi nimekubali. Lakini yule mkimya aliyejaza kwamba hujifunza vyema peke yake, tumlazimishe mazungumzo ya kikundi?

Mchangiaji wa pili: Tuulize kwanza ukimya huo umetoka wapi. YDT, mtihani wa wanaoomba kusomea lugha chuo kikuu, una maswali 80, yote ya kuchagua jibu. Hakuna kusikiliza, kuzungumza wala kuandika insha. Kijana aliyeshinda miezi na vitabu vya maswali, akiweka alama kwenye A au D, atajazaje hojaji kwamba anapenda mazungumzo, ilhali hajayaonja? Mimi ningempa mwenzake mmoja tu, si kundi la watu sita, wazungumze dakika tano kila siku, na hojaji nimrudishie mwisho wa muhula.