Mchumi: halmashauri au kampuni ya ushauri?

Kijana_wa_Mwanga: Wakuu, habari. Nina shahada ya uchumi. Nimepangiwa kazi ya Mchumi Daraja la II, halmashauri moja huku Kigoma. Wakati huohuo jamaa yangu wa Dar ananiita kwenye kampuni ya ushauri elekezi, mkataba wa miezi sita, posho nono. Ndoto yangu ni kuja kutunga sera. Nianzie wapi?

Chuma_Ulete: Fuata hela mkuu. Ofisi ya mipango utajaza taarifa za robo mwaka mpaka macho yaingie ukungu.

Mzee_wa_Kibirizi: Mdogo wangu, usimsikilize huyo, anzia halmashauri. Mimi nimefanya kote kuwili, na sasa nakula kwa maandiko ya miradi na tathmini. Ripoti za kila robo mwaka ni kweli zinachosha. Lakini nikupe mfano wa nyumbani.

Mwaka 2024 Serikali ilifunga uvuvi Ziwa Tanganyika, 15 Mei hadi 15 Agosti, samaki wazaliane. Mshauri aliyeko Dar atafungua eksel, aone ushuru wa dagaa umeshuka, aandike kipato cha wavuvi kimeshuka hivyohivyo. Ushuru si kipato! Mwaloni, pale samaki wanaposhushwa, kuna mwenye chombo, kuna vibarua wake, kuna mama anayeanika dagaa alizokopa. Kila mmoja anaumia kivyake, na mama yule haonekani kwenye kitabu cha ushuru.

Sasa weka juu yake mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri: 4 wanawake, 4 vijana, 2 wenye ulemavu. Haina riba, sawa, ila rejesho lina ratiba yake. Ziwa likifungwa mama anarejesha na nini? Hapo ndipo penye sera: kupanga marejesho yafuate kalenda ya ziwa. Hoja kama hiyo huipati kwenye hadidu za rejea, yale maelekezo ya kazi anayopewa mshauri, maana aliyeziandika naye hajakanyaga mwalo.

Halafu hizo posho nono, ulizia zinalipwa lini. Awamu ya mwisho husubiri mteja aikubali ripoti, na mteja ana maoni hayaishi.

Chuma_Ulete: Hilo la awamu ya mwisho sibishi 😂

Kijana_wa_Mwanga: Asante sana kaka. Na uzamili je?

Mzee_wa_Kibirizi: Uthibitishwe kazini kwanza, ndipo uombe ruhusa ya masomo. Ukienda, kazia ekonometriki, yaani kupima mambo ya uchumi kwa takwimu. Maneno mengi tayari unayo.