Koti la baridi: nichukue Kongowea au ningoje huko huko?

Assalaam alaykum jamaa,
Niko Likoni, mwezi wa kwanza naelekea Ujerumani kusoma. Mitumba ya soko la Kongowea hapa Mombasa nimeona makoti ya maana, ila lebo zanichanganya: moja 40, jingine 50, jingine L, na yote yanikaa sawa. Nichukue lipi?

*

Waalaykum salaam mdogo wangu,
Hiyo 40 na 50 ni mtu na nduguye. Uingereza na Marekani koti la kiume huhesabiwa kwa inchi za kifua. Wajerumani huchukua sentimita za kifua wakagawa kwa mbili. Kifua cha inchi 40 ni kama sentimita 100, ndiyo 50 yao. L usiiamini, kila kampuni ina L yake.

Lakini kuna jambo linalotuponza wengi. Nani atajaribu koti juu ya sweta nzito katika joto la Kongowea? Twalijaribu juu ya fulana, jasho latiririka, twasema limenikaa. Ukifika huko ukivaa sweta, zipu haifungi. Hata ikifunga, umepata hasara: joto linatokana na hewa iliyonaswa ndani, na koti la manyoya ya bata likibanwa manyoya hulala, hewa ikatoka. Nawe usikimbilie la kuogelea ndani, maana upepo utaingilia chini.

Nenda kwa fundi akupime mwili mtupu, si juu ya nguo: kifua, kiuno, nyonga, na mkono kuanzia mfupa wa shingo hadi kifundo. Andika kwa sentimita, uje na karatasi hiyo. Koti nunua huko, ukiwa umevaa sweta. Inua mikono juu, kisha iname kama unayefunga kamba za viatu. Vifundo vya mikono vikitoka nje au mgongo ukiachwa wazi, lirudishe.
(Leeds)

*

Naongezea kwa dada zetu. 38 ya Ujerumani huwa 40 Ufaransa na 44 Italia, kwa hiyo tazama lebo ni ya nchi gani. Anayevaa buibui au dera achague kwa kipimo cha nyonga, na zipu iwe inafunguka kutoka chini pia, la sivyo kupanda basi ni kazi.

Viatu jaribu jioni, mguu ukiwa umevimba kidogo, ukiwa na soksi nene ya sufu. Mbele ibaki nafasi ya upana wa kidole gumba. Soksi mbili ndani ya kiatu kilichobana huzuia damu, na vidole ndivyo vinavyoganda kwanza. Ukinunua mtandaoni, Ulaya na Uingereza una siku 14 za kubadili nia tangu upokee mzigo. Usikate lebo.
(Hamburg)

*

Shukran sana wakubwa zangu. Kesho kwa fundi, na sweta mbili nitachukua huku huku. Koti nimemwachia muuzaji, ingawa ameshanipigia simu kushusha bei.