Wameuza hadi kiwanja cha hospitali, serikali ya jimbo inaangalia tu!

Wakuu, naandika nikiwa zamu ya usiku na hasira zimenijaa, mnivumilie.

Nipo Massachusetts, nahudumia wazee. Mnaodhani hospitali za Marekani zimenyooka, kaeni mkao wa kusikia. Mwaka 2010 kampuni ya uwekezaji ya New York, Cerberus, ilinunua hospitali sita za Kanisa Katoliki hapa, ikaziita Steward. Jimbo likabariki, likaweka masharti na kuahidi kufuatilia kwa miaka mitano. Haya. Mitano ilipokatika tu, 2016, jamaa wakauza majengo na viwanja vya hospitali kwa kampuni ya majengo kwa dola bilioni 1.25. Yaani unauza nyumba unayokaa, hela wanagawana wakubwa, halafu kesho yake unaanza kulipa kodi ya pango humohumo ndani. Na mpangaji ni wodi ya wazazi!

Kilichonichefua zaidi: jimbo lilidai hesabu zilizokaguliwa, hao Steward wakagoma, mwaka baada ya mwaka. Faini kwao hela ya chai. Ofisi nzima ya serikali na mihuri yake haikujua hospitali inadaiwa kiasi gani! Waliojua ni wanaowauzia vifaa. Oktoba 2023 mama mmoja alijifungua kwenye hospitali yao ya St. Elizabeth's, Boston, kisha akaanza kuvuja damu ndani kwa ndani. Madaktari wanahitaji vile viwaya vidogo vya kuziba mshipa. Havipo. Mwenye mali alishavibeba kwa sababu hajalipwa. Mama akafa, kaacha kichanga.

Bosi wao wakati huo, Ralph de la Torre, alikuwa na boti ya anasa ya dola milioni 40. Mei 2024 kampuni ikafilisika, ikaomba mahakama iikinge na wadai, Agosti hospitali mbili zikafungwa, ya Dorchester na ya Ayer. Septemba Seneti ya Marekani ikamwita, hakutokea.

Januari 2025 ndo gavana Maura Healey anasaini sheria. Miaka kumi na minne na ushee! Na yenyewe soma vizuri: hospitali mpya haitapewa leseni ikipanga jengo lake kuu kwa kampuni za majengo kama ile iliyouziwa viwanja, ila zilizokwisha kupanga zimeachwa hivyohivyo. Wawekezaji hawajazuiwa kununua, watachunguzwa zaidi basi.

Hapa kazini kwangu (jina sitaji, nina ada za watoto) wamiliki wamebadilika mara mbili, na kila wakija wanapunguza watu. Sasa hata nepi za wazee zinafungiwa kabatini, tatu kwa kila mtu kwa zamu. Eti matumizi yamezidi. Aliyepanga hiyo tatu hajawahi kumgeuza mzee kitandani.

Babu wa chumba cha mwisho amelowa tangu saa nane, tatu zake zimekwisha, na ufunguo kaondoka nao msimamizi. Nampigia, hapokei.