Mama ana kisukari, sukari inasoma vizuri ila mafuta kwenye damu yamekaa vibaya, na dawa hataki kumeza

mtoto_wa_Nzuguni
Habari za jioni wanajamvi, naombeni msaada hasa kwa wenye uzoefu. Bi mkubwa wangu ana miaka 58, kisukari ni mwaka wa tisa sasa, tunakaa Nzuguni hapa Dodoma. Metformini, ile dawa ya sukari, anameza asubuhi na jioni hakosi, na akipima asubuhi kabla hajala inacheza kwenye 6 mpaka 7, kliniki kila akienda wanamsifia. Wiki iliyopita dokta akamwambia apime na mafuta kwenye damu maana hajawahi kupima hata siku moja, majibu ndo haya: kolestro ya jumla 5.5, traigliseraidi (aina nyingine ya mafuta ya kwenye damu) 3.9 ina alama ya juu, HDL (wanayoita mafuta mazuri) 0.8 ina alama ya chini, LDL 2.9 haina alama yoyote. Akaandikiwa atovastatini ya miligramu 20, dawa ya kushusha mafuta, kila siku.

Sasa shida ndo hapo, mama hajaigusa. Boksi liko juu ya friji, kaweka miwani yake ya kusomea juu yake, hata halijafunguliwa. Anasema yeye sio mnene, mboga anachemsha, nyama mpaka mtu aende mnada wa Msalato, hayo mafuta yametoka wapi? Alafu jirani kamwambia hizo dawa zinaua ini na ukianza huachi. Mi nikaangalia karatasi nikaona LDL ambayo ndo tunaambiwa mafuta mabaya mbona iko kawaida, nikakosa cha kumjibu. Nimjibu nini?

Tabibu_mstaafu
Kijana wangu, umefanya vizuri kuuliza. Nimekaa kliniki ya kisukari miaka mingi na haya majibu ya mama nimeyaona sana, traigliseraidi juu, HDL chini, LDL inaonekana haina neno. Hiyo ndo sura ya mafuta ya mtu mwenye kisukari aina ya 2.

Mwambie hayo mafuta hayakutoka kwenye sufuria, yametoka kwenye ini lake. Insulini kazi yake sio sukari tu, ndo inayoyaambia mafuta ya mwilini yatulie yalipo. Mwili ukiwa hauisikii insulini vizuri mafuta yanatoka yanamiminika kwenye ini, ini linayafunga upya na kuyarudisha kwenye damu, hiyo ndo traigliseraidi unayoiona. Ikijaa hivyo HDL, yale mafuta yanayosaidia kusafisha, yanavunjwa haraka na yanapungua. Na LDL nayo inabadilika inakuwa vipunje vidogo vilivyoshindiliwa, vinapenya kwenye ukuta wa mshipa kirahisi. Kwa hiyo 2.9 ya mama sio sawa na 2.9 ya kijana asiye na kisukari, ile karatasi imeandikwa kwa ajili ya watu wote. Kwa mtu wa kisukari wa umri wake tunataka LDL ishuke chini ya 1.8, traigliseraidi chini ya 1.7, na HDL kwa mwanamke ipande juu ya 1.3.

Kuna utafiti ulitoka 2004, Uingereza na Ireland, watu 2,838 wenye kisukari aina ya 2 ambao LDL zao hazikuwa juu sana, nusu wakapewa atovastatini ya 10 tu. Matukio makubwa ya moyo na kiharusi yalipungua kwa 37%, mpaka wakausimamisha miaka miwili kabla ya muda kwa sababu faida ilishaonekana. Dokta wa mama hajakosea.

Kuhusu ini, apimwe ini mwanzoni, kuumia ini kwa dawa hii ni nadra sana. Na naomba uniambie, alipima akiwa hajala? Na figo na tezi ya shingo walimpima? Navyo vikiwa na shida vinapandisha mafuta.

kijana_wa_Makole
Mpe kitunguu swaumu na limao asubuhi, mjomba wangu alipona kabisa

Tabibu_mstaafu
@kijana_wa_Makole kitunguu swaumu ni chakula kizuri ale, ila kisichukue nafasi ya dawa, tafadhali sana ndugu yangu. Hawa watu nimewaona wanarudi mdomo umepinda.

dereva_Singida
Mkuu mi nina 51 na kisukari pia, naendesha roli Dodoma Singida. Nilipewa hiyo dawa nikaanza kuumwa misuli ya mapaja, kupanda tu kwenye gari tabu, nikaiacha kimyakimya miezi minne sikumwambia mtu, niliporudi kupima traigliseraidi 5 na kitu wakati sukari nzuri tu. Dokta hakunigombeza, akanibadilishia aina nyingine kwa dozi ndogo na sasa hivi nalala vizuri naamka vizuri. Kwa hiyo mama akiumwa misuli aseme, au mkojo ukiwa wa rangi ya kola awahi hospitali, asiache mwenyewe kama mimi.

Mama_P_Kizota
Mdogo wangu hebu angalia anachokunywa na anachotafuna katikati ya mlo, wengi tunahesabu mafuta ya kupikia tunasahau sukari na wanga, na huo ndo unaopandisha traigliseraidi. Juisi ya ubuyu yenye sukari, soda, sembe mlima mzima, pombe kama anagusa, na huu msimu wa zabibu! Mi zilikuwa zinaniponza zabibu, nanunua ndoo nakaa nazo barazani mpaka jioni najiambia ni tunda. Nimerudi kwenye ugali wa uwele kidogo na mlenda mwingi, karanga ngumi moja, na natembea nusu saa kila jioni, traigliseraidi yangu ilitoka 3.2 ikaja 1.9, dawa nameza vilevile.

mtoto_wa_Nzuguni
Nimerudi wakuu, asanteni sana kwa kweli. Nimemsomea mama jumbe zote jana usiku, ya tabibu kaniambia nirudie mara mbili pale kwenye ini. Kumbe siku ile alikunywa chai na chapati kabla ya kupima, na zabibu ni kweli, kuna bakuli kwenye kabati mi sikuwa najua. Figo walipima ziko salama, tezi bado.

Tabibu_mstaafu
Chai na chapati zinapandisha kidogo, sio mpaka 3.9. Aanze dawa, arudie kipimo baada ya wiki 8 mpaka 12 akiwa hajala usiku kucha, na tezi wapime siku hiyohiyo. Traigliseraidi ikipita 10 ndo tunaogopa na kongosho kuvimba, huko hajafika na hatufiki.

mtoto_wa_Nzuguni
Boksi limeshuka toka juu ya friji, liko kwenye kikapu na metformini. Ameuliza swali moja tu, anaweza kuimeza na uji wa ulezi?

Tabibu_mstaafu
Ameze, na uji au bila uji. Mpe salamu zangu.