Naomba ushauri: redio ya jamii isiyo ya biashara, tuanze na wati ngapi?

Mkulima wa Bondeni: Ndugu wanajukwaa, salaam. Sisi ni wakulima wa mboga huku Lushoto, katika kata iliyobanwa na milima pande tatu. Wachuuzi kutoka Dar es Salaam hununua kabichi zetu kwa bei wanayoitaja wao, kwa kuwa bei ya sokoni hutufikia wakati lori limeshaondoka. Tumekubaliana kuanzisha redio ya jamii isiyorusha matangazo ya biashara, itakayotoa habari za bei, mvua na misiba. Swali langu ni moja tu: mtambo wa wati 300 utatosha, au tutafute wa wati 1,000? Usingizi sipati.

Fundi wa Mnara: Ndugu, shida yako si wati. Mawimbi ya FM hupenda njia iliyonyooka, na mlima huyakinga. Ukisimamisha antena bondeni, hata kwa wati 1,000 kijiji cha nyuma ya mlima kitasikia mikwaruzo, ilhali wati 100 kutoka kileleni zitakwenda mbali kuliko unavyodhani. Ukiongeza wati maradufu unapata desibeli 3 tu (desibeli ni kipimo cha nguvu ya mawimbi), nyongeza ndogo. Lakini kwa nini umetaja 300?

Bi Ndengu: Kwetu Makueni, Kenya, Redio Mang'elete ni mali ya vikundi vya akina mama. Mama mkwe wangu hupeta ndengu akiisikiliza, na saa ya ukutani aliacha kuiamini zamani. Je, kikundi chenu kina katiba?

Mstaafu wa Masafa: Chini ya sheria ya mwaka 2010, TCRA, mamlaka ya mawasiliano ya Tanzania, inatoa leseni ya maudhui na, mbali na hiyo, ya kutumia masafa. Msinunue chochote kabla ya kupangiwa masafa. Narudia swali la Fundi, kwa kuwa umelipita kimya: huo mtambo wa wati 300 tayari mnao?

Mkulima wa Bondeni: Mniwie radhi, sikuona kama lina uzito. Mtambo upo, umo stoo kwa shemeji yangu chini ya magunia ya mbolea. Ameutoa bure pamoja na kiwanja, kwa sharti kwamba awe mwenyekiti wa bodi. Ni kweli anakusudia kugombea udiwani, lakini ni mtu wa watu na ameahidi kutogusa siasa. Isitoshe, barua za mwaliko wa kikao cha kwanza zimeshachapishwa, jina lake likiwa juu.

Kicheko Bure: Kumbe tulikuwa tunapima wati za shemeji! Kwa udiwani wa kata moja, 300 zinamtosha na chenji inabaki.

Mtangazaji Mstaafu: Mimi si wa kucheka. Niliwahi kujitolea katika redio ya kijiji iliyokuwa na mfadhili mmoja. Siku aliyokasirika alikuja kuchukua mikisa yake, yaani mashine ya kuchanganyia sauti, katikati ya taarifa ya habari, tukabaki na maikrofoni mbili na viti vya plastiki. Kitu cha jamii kiandikwe kwa jina la jamii, mapema, kwa hati.

Tomaso: Mimi naona huu uzi umetungwa. Kata isiyojua bei ya kabichi ina mtambo wa wati 300 stoo? Na simu mnazo, bei si mtumiane ujumbe? Weka picha.

Mkulima wa Bondeni: Picha siweki, kwa sababu shemeji naye yumo humu. Mtambo una feni mbili nyuma, moja imejaa utando wa buibui, na ubavuni kuna kibandiko cha masafa kilichoandikwa kwa kalamu kisha kikakwanguliwa nusu. Kuhusu simu, wazee wetu wengi hawasomi ujumbe, na mvua ikinyesha mtandao hupotea.

Fundi wa Mnara: Kibandiko hicho kimeniondolea shaka na kuniletea hofu. Mtambo huo uliwahi kurusha matangazo ya kituo fulani, kwa hiyo omba risiti. Wala usiuwashe bila antena au mzigo bandia (kifaa kinachomeza nguvu ya mtambo badala ya antena), utaunguza transista za kutolea nguvu.

Mkulima wa Bondeni: Risiti nimemwomba jioni hii. Amenijibu kwamba kwanza nimtajie anayenifundisha maswali. Kikao ni Jumamosi na barua zimeshagawiwa. Sasa tukikosa kilele, hizo wati 300 haziwezi kuvuka hata mlima mmoja?