Vibonge kwenye maziwa ya kwanza, chuchu moja tu: nisubiri au nianze dawa?

Kihamba_Uru

Habari zenu wafugaji. Nina ng'ombe chotara wa Friesian, uzao wa pili, ana miezi mitatu tangu azae, anatoa lita 12 kwa siku (asubuhi 7, jioni 5). Chuchu ya nyuma kulia inatoa vibonge vidogo vyeupe, mithili ya chembe za mtindi, kwenye mikamuo mitatu ya kwanza. Baada ya hapo maziwa yanatoka safi. Kiwele hakijavimba, hakina joto, anakula na kucheua vizuri.

Afisa mifugo wa kata amesema huo ni mwanzo wa ugonjwa wa kiwele: nipime chuchu zote nne, nimkamue wa mwisho, na nisingoje uvimbe. Kijana anayekamua anasema ni baridi ya masika tu, mvua zikikata vibonge vitaisha. Bandani wapo wengine wawili wanaokamuliwa.

Nimsikilize nani? Na kama ni kupima, napimaje nikiwa nyumbani huku Uru, Kilimanjaro?

---

Mangi_Boma

Pole mkuu. Chukua OTC (sindano ya antibayotiki, oxytetracycline) duka la dawa za mifugo, choma shingoni siku mbili, kesi imeisha. Vibonge vya mwanzo ni kawaida kipindi cha matope, usijitie presha.

---

Kiwele_Salama

Mangi, hapo umempoteza mwenzako. Kihamba, fuata alichosema afisa mifugo, kwa mpangilio ule ule aliokupa.

Baridi haitengenezi vibonge. Vibonge ni protini ya maziwa iliyoganda pamoja na chembe nyeupe za damu ambazo mwili umezipeleka kwenye kiwele kupigana na vijidudu. Ukiviona, vita imeshaanza ndani. Vinaonekana kwenye mikamuo ya mwanzo kwa sababu vijidudu huingilia kwenye tundu la chuchu, na maziwa yaliyokaa karibu na tundu ndiyo yanayotangulia kutoka. Kijana wako amekosea sababu ila majira kayapatia: masika ina matope, na matope yana vijidudu vingi.

Sasa kwa nini usingoje. Kiwele kina vyumba vinne visivyoungana, na vile viwili vya nyuma hutoa karibu asilimia 60 ya maziwa yote. Kwa lita 12, chumba kimoja cha nyuma ni kama lita 3.6 kwa siku. Kijidudu kinachoitwa *Staphylococcus aureus*, ambacho ni cha kawaida sana kwa ng'ombe wanaokamuliwa kwa mkono, kikikaa muda mrefu hujichimbia ndani ya nyama ya kiwele, mwili unakizungushia kovu, na dawa haipenyi tena. Hapo ndipo chumba kinakuwa kigumu kama kiazi na hakirudi. Ukikiwahi kwa ng'ombe wa uzao wa kwanza au wa pili, nafasi ya kupona ni kubwa zaidi kuliko kwa ng'ombe mzee mwenye tatizo la miezi.

Halafu kijidudu hicho husafiri kwa mikono ya mkamuaji, kitambaa na kopo la mafuta ya kukamulia. Wale wawili wengine wamo hatarini leo hii, si wakati kiwele cha huyu kitakapovimba.

Kupima nyumbani. Kipimo kamili ni CMT (California Mastitis Test), kipimo cha ugonjwa wa kiwele: sahani ya plastiki yenye vikombe vinne na dawa yake ya maji. Ukikikosa dukani, tumia unga wa sabuni ya kufulia, gramu 15 kwenye nusu lita ya maji safi, utikise hadi uyeyuke. Tengeneza mpya kila unapopima.

Mwaga mikamuo mitatu au minne ya kwanza ya kila chuchu kwenye kopo (si sakafuni!). Kisha kamua kiasi kidogo, kama kijiko cha chai, kwenye vikombe vinne tofauti, kimoja kwa kila chuchu, na uviandike usije ukavichanganya. Ongeza maji ya sabuni kiasi kile kile cha maziwa. Zungusha taratibu sekunde 10 huku ukiangalia, maana ute mwepesi hutokea na kupotea. Yakibaki majimaji, chumba hicho ni salama. Yakivuta ute kidogo, kina shaka. Yakifanya uji mzito unaojikusanya katikati ya kikombe, kina tatizo. Kipimo hiki usikitumie kwa ng'ombe aliyezaa siku chache zilizopita wala anayekaribia kukaushwa (kuachwa kukamuliwa kabla ya kuzaa tena), kwa sababu hudanganya. Wako wa miezi mitatu yuko sawa kabisa.

Pima na wale wawili. Chumba kinaweza kuwa na maambukizi bila kibonge hata kimoja, na hao ndio wengi.

Kuhusu OTC ya shingoni: kwa ng'ombe asiye na homa, dawa inatakiwa ifike ndani ya chumba kilichoathirika kwa kiwango cha kutosha, na njia yake ni tyubu ya chuchuni, yaani dawa inayosukumwa ndani kupitia tundu la chuchu. Sindano mbili za kubahatisha zinapunguza vibonge kwa muda, vijidudu vilivyobaki vinazoea dawa, na maziwa yote yanakuwa na dawa.

---

Banda_Kavu

Naongezea upande wa banda, kwa sababu unaweza kutibu leo na mwezi ujao ukarudi hapa na swali hili hili.

Tundu la chuchu hubaki wazi nusu saa hadi saa nzima baada ya kukamua. Ng'ombe akilala kwenye tope muda huo, umemkaribisha mgeni mwenyewe. Dawa yake ni bure: weka majani na pumba horini *mara baada* ya kukamua ili abaki amesimama anakula. Wengi huku mlimani tunawapa pumba wakati wa kukamua ili watulie, tukimaliza wanalala. Mpe kidogo wakati wa kukamua, kiasi kikubwa akimaliza.

Sakafu iwe na mteremko wa sentimita 2 hadi 4 kwa kila mita, kuelekea mfereji wa mkojo. Sehemu ya kulala iwe kavu kiasi kwamba ukipiga goti dakika moja suruali haitoki na unyevu. Majani makavu ya migomba ni mazuri ila yakilowa yaondoke siku hiyo hiyo. Maganda ya mpunga kutoka mashine za kukoboa za kule tambarare ni bora zaidi masika, hayashiki maji haraka. Vumbi la mbao mbichi liepuke, linafuga vijidudu vibaya vya kiwele. Tandiko jipya liongezwe nyuma, chuchu zinapogusa; wengi wanaongeza mbele kwa sababu ndiko kuliko na njia!

Na kijana wako anakamuaje? Kama anavuta chuchu kwa kidole gumba kilichokunjwa, anaiumiza kwa ndani. Ashike kwa kiganja chote, abane kutoka juu kushuka chini bila kuvuta.

---

Kihamba_Uru

Asanteni sana. Nimepima wote kwa sabuni jioni hii. Nyuma kulia: uji mzito kabisa. Mbele kulia: ute mwepesi uliopotea. Kushoto zote maji. Ng'ombe wa pili yuko salama chuchu zote, wa tatu ana ute mwepesi nyuma kushoto, na hana kibonge chochote.

Kijana ni kweli anavuta kwa gumba, na kopo la mafuta ni moja kwa wote watatu. Sasa nianzie wapi? Tyubu ninunue ipi?

---

Kiwele_Salama

Umeona ya wa tatu? Kwa macho usingemjua.

Kabla ya dawa yoyote chukua sampuli ya ile ya nyuma kulia, kwa sababu ukishaweka tyubu maabara haitaona kitu. Osha na kausha chuchu, futa ncha kwa pamba yenye spiriti hadi pamba itoke nyeupe, mwaga mikamuo mitatu, kisha kamua kama mililita 10 kwenye chupa safi ya sampuli ukiwa umeiinamisha ili uchafu usidondokee ndani. Iweke kwenye barafu. Maabara ya Wakala wa Maabara ya Veterinari (TVLA) iko Arusha. Mwombe afisa mifugo akupe utaratibu wa kuipeleka. Ndiyo itakayokuambia kijidudu gani na dawa gani inakiweza. Jina la tyubu akuandikie yeye au daktari wa mifugo, mimi sitakutajia dawa nikiwa mbali na ng'ombe.

Chuchu mbili zenye ute mwepesi usizitibu sasa. Rekebisha ukamuaji na banda, upime tena baada ya wiki moja. Nyingi hurudi zenyewe mwili ukipewa nafasi.

Siku ya kuweka tyubu, makosa yanayoharibu kazi ni haya. Mtu hakamui hadi mwisho, dawa inaogelea kwenye maziwa na vibonge. Anasukuma mdomo wote wa tyubu ndani: milimita 3 au 4 zinatosha, ukizidisha unapanua tundu na kusukuma uchafu wa mlangoni uingie ndani. Anagawa tyubu moja kwa chuchu mbili ili kubana matumizi. Na kubwa kuliko yote, vibonge vikipotea baada ya tyubu ya kwanza anaacha zilizobaki. Kama karatasi inasema tatu kila baada ya saa 12, ni tatu. Baada ya kusukuma dawa, ipapase kiwele kuelekea juu, halafu ichovye chuchu.

Utaratibu wa kukamua kuanzia kesho asubuhi: aanze wa pili, afuate wa tatu, huyu awe wa mwisho, na chuchu mbovu iwe ya mwisho kabisa. Kila ng'ombe na kitambaa chake, kifuliwe na kuanikwa juani. Mikono kwa sabuni kati ya ng'ombe na ng'ombe. Mikamuo ya kwanza kwenye kikombe chenye kitambaa cheusi juu, kibonge kinaonekana hapohapo. Kopo la mafuta litupwe; akihitaji mafuta apewe kidogo pembeni, kila ng'ombe chake. Akimaliza, achovye kila chuchu kwenye dawa ya ayodini ya kuchovya (asilimia 0.5 ndiyo ya kawaida) hadi yote izame, kisha dawa inayobaki ndani ya kikombe cha kuchovya aimwage. Kuirudisha kwenye chupa ni kuichafua chupa nzima.

---

Mangi_Boma

Nimekubali, OTC naifuta. Ila maziwa ya chuchu tatu nzima si anaweza kuuza wakati wa tyubu? Hasara hiyo si ndogo.

---

Kiwele_Salama

Hapana. Dawa inaingia kwenye damu na kutokea kwenye chuchu zote nne. Muda wa kusubiri umeandikwa kwenye pakiti, na unahesabiwa kuanzia tyubu ya *mwisho*, si ya kwanza. Kuchemsha hakuondoi dawa. Mwenye kugandisha mtindi atakugundua haraka, maana maziwa yenye dawa yanagoma kuganda, na ukiyachanganya kwenye keni ya kituo umeharibu na ya majirani.

---

Kihamba_Uru

Nimeelewa. Mawili ya mwisho: maziwa ya chuchu mbovu naweza kumpa ndama? Na dalili gani nikiiona nisingoje hata kesho?

---

Banda_Kavu

Ndama usimpe, awe wa huyu au wa mwingine. Anameza vijidudu na dawa, na ndama wa kike wakinyonyana wanapandikizana kwenye viwele vya kesho. Yamwage kwenye shimo mbali na banda, weka chokaa juu. Na mfunge ng'ombe utepe mwekundu mguuni siku zote za dawa na za kusubiri, ili hata anayekamua kwa zamu asiyachanganye.

---

Kiwele_Salama

La pili: pima joto lake njia ya haja kubwa asubuhi na jioni. Kawaida ni 38 hadi 39.3. Likivuka 39.5, akiacha kula, maziwa yakawa majimaji ya njano au yenye damu, au chuchu ikawa ya baridi na rangi ya bluu, mpigie daktari wa mifugo saa hiyo hiyo hata kama ni usiku wa manane. Kuna aina ya ugonjwa huu, hasa ile ya *E. coli* inayotoka kwenye kinyesi, inayomlaza ng'ombe chini ndani ya saa chache, na hapo atahitaji maji ya mshipani na dawa ya homa, tyubu peke yake haitoshi.

Andika tarehe anayopandishwa na kushika mimba, na uhesabu siku ya kumkausha, siku 60 kabla ya kuzaa tena. Mwambie afisa mifugo mapema kwamba nyuma kulia ilishawahi kuugua, ili apange tyubu ya kukaushia, ile inayokaa muda mrefu. Baadhi ya vijidudu vinavyokataa kutoka wakati wa kukamuliwa hutoka kipindi hicho.